Bega Nililoficha

Mjukuu wangu Nuru,

Salamu zikufikie huko masomoni. Sisi hatujambo, ila nyanya yako anung'unika kwamba huandiki. Wauliza nilichua bega langu kwa mafuta gani, kwani lako lakuuma tangu Januari, na mama yako hutaki ajue.

Miaka ya tisini nilikuwa kuli Kilindini. Bega la kulia likaanza kuniuma, nikanyamaza, maana mgonjwa hapewi kazi. Nikawa nabebea la kushoto, mkono wa kulia nikaubana ubavuni miezi mizima, nikidhani naupumzisha. Siku niliyoshindwa kuvaa shati, jirani yangu Athumani akanikokota hospitali.

Daktari aliuinua mkono, ukakwama njiani, jasho likanitoka. Akasema bega limeganda, na kuubana mkono ndiko kulikozidisha. Dawa ni kulinyoosha kila siku, polepole.

“Lakuuma tangu lini?” akauliza.

“Juzi tu,” nikasema.

“Mwongo,” akadakia Athumani. “Tangu Ramadhani. Twasali safu moja. Akipiga takbira, mkono mmoja wafika sikioni, wa pili waishia kifuani.”

Nilimnunia wiki nzima. Naye ndiye aliyekuja kuninyoosha kila baada ya alasiri, mpaka mkono ukapanda.

Mafuta sina, Nuru. Mama yako nimeshamwambia.

Babuyo