Taswira ya Mashine ya Kwanza

Shuleni, 4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na unavaa lile sweta. Mimi mzima, ila jino la nyuma linaniuma nikinywa maji baridi.

Mwalimu wa kompyuta amenikabidhi ufunguo wa chumba chake. Kompyuta ziko kumi na nane, zote kongwe. Ukiwasha moja, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukaikuta bado inawaza. Nilimwambia kazi yako ni kusimika mfumo wa Linux kwenye kompyuta za maofisini. Akasema, "Basi mwulize baba yako." Ndiyo nakuuliza. Tunataka programu ya kuandikia, ya hesabu, na kamusi. Intaneti hatuna.

Jumapili ya wageni nilijifungia humo, nikasema nina kazi. Chumba kitafunguliwa rasmi tarehe 27 Aprili na wazazi wamealikwa. Utakuja?

Mwanao,
Bi Kwanini

* * *

21 Februari

Bi Kwanini, mwanangu,

Marahaba. Kifua hakijambo, sasa ni tumbo linalogombana na sweta. Jino mwonyeshe muuguzi, usilibembeleze.

Ndani ya soksi hii kuna flashi yenye Linux nyepesi. Usihangaike na mashine moja moja mara kumi na nane, utazeeka. Tengeneza moja tu mpaka ikupendeze: programu, kamusi, hata rangi ya kioo. Kisha chukua taswira yake, yaani mashine nzima inakunjwa kuwa faili moja. Hiyo utaikunjua kwenye zile nyingine, nazo zitafanana kama mapacha.

Lakini sikia: kabla ya kukunja, safisha. Taswira haichagui. Ulichosahau kwenye moja, umewagawia wote.

Tarehe 27 nitakuja. Nimeshaomba ruhusa.

Baba yako

* * *

Shuleni, 14 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Jino limeng'olewa, nililia kidogo tu. Wewe je, unalala vizuri?

Mashine namba moja inawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti! Nimeweka kamusi, na kioo nimekipa rangi ya ukuta wa jikoni kwetu, ile ya kijani aliyochagua marehemu mama. Barua zangu kwako naziandikia humo na karani ananichapishia. Nyingine sizitumi. Naziandika tu, halafu naziacha humo.

Nikuambie siri. Bwenini nimewaambia kwamba huji kwa sababu unafanya kazi kwenye meli, na meli haina Jumapili. Wameamini. Wa kitanda cha jirani, tunayemwita Kipaza kwa sauti yake, aliuliza kama unaendesha mwenyewe. Nikasema ndiyo. Unisamehe.

Tarehe 27 utavaa nini, nikutambue kutoka mbali? Ni miaka miwili sasa.

Mwanao,
Bi Kwanini

* * *

Shuleni, 29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, maana hukuja.

Ulipompigia mwalimu mkuu Ijumaa kwamba ruhusa imepatikana, furaha ilinipanda kichwani. Nilitaka ufike ukute zote zinawaka. Jumamosi kutwa nilichukua taswira ya namba moja, nikaikunjua kwenye kumi na saba. Zilikubali zote, bila hata moja kugoma. Ila sikusafisha. Nilisahau, Baba.

Wazazi walipokaa, tukawasha. Kwenye kila kioo cha kijani palikuwa na folda: "Barua kwa Baba". Mara kumi na nane. Kipaza alifungua ya kwake, namba kumi na moja, akasoma kwa sauti: "Leo tena hukuja. Meli yangu ya uongo itazama lini?" Kisha akapiga kelele, "Nahodha hajambo?" Wakacheka, hata wazazi wengine.

Nilitazama mlangoni. Niliamini utatokea pale pale, wanyamaze.

Mwalimu ameniambia nifute zote nianze upya. Sijaanza.

Mwanao

* * *

6 Mei

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta unakula. Mimi mzima, ila sina raha.

Nilikuwa kituoni, tiketi mkononi. Mkubwa wangu akapiga simu: kompyuta za ofisi nzima zimegoma, na taswira ni yangu. Ningeweza kumwambia asubiri hadi Jumatatu. Sikumwambia. Nimezoea kurudi kazini haraka kuliko nyumbani, na hilo ndilo kosa langu. Silifuniki.

La kwako nami nimewahi kulifanya. Mwaka juzi nilisahau picha yako kwenye mashine ya kwanza, ile uliyocheka huku huna meno mawili ya mbele. Nikaigawa kwa mashine mia mbili. Wahasibu wa ghorofa nzima waliwasha wakakuta pengo. Mmoja akaniuliza, "Huyu ni nani, bosi mpya?" Nikamjibu, "Ndiye. Na anakagua." Nilizifuta moja moja, ila ile ya mwisho nilikaa nayo muda mrefu.

Jumapili ya wageni, 8 Juni, nitakuja. Nitavaa lile sweta, libane lisibane.

Baba yako, asiye nahodha

* * *

Shuleni, Jumapili, 8 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Pengo la jino limeshazibika, ukaguzi hauna lawama.

Jana nilisimika upya, na safari hii nilisafisha. Lakini kabla ya kufuta nilipitia kila mashine. Kwenye namba kumi na moja, ndani ya folda yangu, nikakuta faili nisiyoiandika: "Barua kwa Mama". Niliisoma mistari miwili nikaifunga. Nikainakili kwenye flashi, nikampelekea Kipaza.

"Umesoma?" akauliza, taratibu, siyo sauti yake.

"Mistari miwili."

"Mimi nilisoma zako zote." Akageuza flashi mkononi. "Wangu hata sijui nimtungie meli gani. Nahodha anakuja lini?"

"Kesho."

"Tutaona," akasema. Lakini asubuhi hii alichana nywele mapema kuliko mimi.

Sasa ni saa sita. Tumekaa kwenye benchi linalotazama geti, na tumekutolea kiti kimoja darasani. Wageni wengi wameshaingia. Kila akipita mwenye sweta, Kipaza ananipiga kiwiko, nami natikisa kichwa.

Barua hii karani alinichapishia kipande cha kwanza, hiki namalizia kwa kalamu gotini. Ukija, nitakupa mkononi. Usipokuja, itakufuata kwa posta. Stempu ninayo mfukoni. Sijaibandika.

Mwanao,
Bi Kwanini