Mkanda Uliokaa Juu ya Mafiga

Jumamosi, Kasulu. Mvua ya asubuhi imekatika, ukungu bado umekalia mabati ya majirani, na mimi natamba sebuleni kwangu bila aibu.

Nimeweza!

Wiki tatu sebule hii haikaliki. Televisheni, deki ya mikanda ya zamani, kompyuta, diski ya kuhifadhia, spika mbili, na nyaya za njano, nyeupe na nyekundu zilizotambaa hadi chini ya kochi. Jirani kaniuliza kama nafungua kituo cha televisheni. Nikamwambia ndiyo, na yeye ndiye atakayesoma habari. Ukweli ni kwamba nilitaka kitu kimoja tu: kusikia sauti ya baba.

Baba alifariki nikiwa na miaka minne. Kaka zangu wanamkumbuka, wanamwigiza akiita ng'ombe, wanacheka hadi machozi. Mimi nacheka nao. Sijawahi kuwaambia kwamba sikumbuki hata neno moja alilotamka, na kwamba nimekua nikiwaonea wivu.

Video yake ni moja tu: siku shangazi, dada yake baba, alipoolewa, miaka ya tisini. Nakala zilikuwa mbili. Moja shangazi aliiweka kwake Kibondo, kwenye kabati la vioo, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Nyingine ilibaki kwa mama, Makere.

Deki nilipewa na Mzee Hamisi, mwenye duka la vitenge hapa mjini, ambaye zamani alikuwa na banda la kuonyesha video. Aliitoa stoo, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanzu, akaniambia, "Mwanangu, hii ilikuwa inajaza banda. Iheshimu." Nimeiheshimu. Nimeisafisha kwa pamba na spiriti kila pembe.

Nakala ya Kibondo ilifika kwanza. Nilipoinua kifuniko chake nikaona kuvu jeupe limeota pande zote, na utepe umegandamana. Kabati zuri, kitambaa kizuri, mkanda umekufa. Huku kwetu milimani unyevu haupigi hodi.

Nikaenda Makere. Nilipomuuliza mama mkanda wake uko wapi, aliniongoza jikoni, akanyoosha kidole juu ya mafiga, kule darini anakoweka mahindi ya mbegu yapate moshi yasibunguliwe. Katikati ya mbegu kulikuwa na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo, mkanda. Miaka yote hiyo juu ya moto! Kasha la plastiki lilikuwa limepinda kwa joto na linanuka moshi kama samaki mkavu.

Sasa naandika nisilopenda kuliandika. Nilimfokea mama. Nilimwambia kumbukumbu ya mtu si gunzi la mahindi. Alikung'uta masizi kwenye khanga yake, kisha akasema, "Mwana wanje, mwanangu, kitu nisichotaka kipotee nakiweka hapo. Sina pahala pengine."

Niliondoka na kopo kwapani, nimenuna. Siku nne sikumpigia simu.

Jumatano hasira ziliniishia. Mimi ni mtu wa maabara katika kituo cha afya. Kazi yangu ni vitu vidogo na mikono isiyotetemeka. Nikavaa glavu, nikachukua bisibisi, nikafungua lile kasha lililopinda.

Utepe ulikuwa safi. Mkavu, mweusi, unang'aa, hauna hata doa la kuvu. Joto lilikuwa limepinda kasha tu, na huo ukavu wa juu ya moto ndio uliofukuza unyevu.

Mama alikuwa sahihi.

Nikafungua na mkanda wa shangazi, nikatoa utepe wake ulioharibika, na ndani ya kasha lake zima nikahamishia utepe wa mama pamoja na magurudumu yake. Kisha nikampigia mama, nikamwomba radhi, nikamwomba aje. Akaniuliza kama nimekula.

Leo asubuhi alikaa kwenye kochi na khanga yake ya kutokea, mkoba mapajani. Nilimweleza kuwa utepe wa umri ule unaweza kukatika wakati wowote, kwa hiyo kompyuta itarekodi mara hii hii ya kwanza unapocheza. Nikaanzisha kurekodi, nikahakikisha sekunde zinakwenda, ndipo nikabonyeza deki.

Chenga. Chenga tupu. Halafu ua wetu wa Makere ukatokea, na watu, lakini wote mabubu. Picha ipo, sauti hakuna. Nikafuata waya mmoja mmoja hadi nikaukuta mweupe, wa sauti, umechomoka nusu, nikausukuma, na ngoma zikajaa sebule.

Mwanamume mrefu mwenye kofia akaingia kwenye picha, akainama kidogo, akawapigia wageni makofi ya salamu kama tunavyosalimiana kwetu.

"Mwakeye!" Ni baba, anawaamkia kwa Kiha.

Maisha yangu yote, kichwani mwangu, nilimpa baba sauti nzito ya besi. Kumbe sauti yake nyembamba, kali, inapanda juu mwishoni. Ni yangu! Ndiyo hii hii niliyoitiwa filimbi shuleni, ninayoishusha kila nikisimama kuongea kwenye kikao cha kazini. Nililia na kucheka kwa pamoja, na siishushi tena.

Nilipogeuka, mama hakuwa kwenye kochi. Alikuwa amesimama mbele ya televisheni, amekunja magoti kidogo, anapiga makofi polepole, anamwitikia mumewe. Alipomaliza akarudi kukaa, akapakata mkoba wake.

"Hajabadilika," akasema.

Video yote imeingia, mwanzo hadi mwisho, isipokuwa sauti ya pale mwanzoni kabla sijausukuma waya. Iko kwenye diski, iko kwenye flashi ya shangazi, na kaka zangu wameshaipata kwenye simu. Nilipompigia Mzee Hamisi kumshukuru, aliuliza kwanza watazamaji walikuwa wangapi. Nikamwambia wawili. Akasema basi banda lilijaa.

Mama ameshaulizia mkanda wake. Nimejaribu kumweleza kuwa sasa baba yuko ndani ya kompyuta. Ameitazama kompyuta, akanitazama mimi, akanyoosha mkono. Kopo liko mezani tayari. Kesho namrudisha Makere, na mkanda unarudi juu ya mafiga, katikati ya mbegu. Nitapanda mimi mwenyewe kuuweka, pembeni kidogo ya moto.