Nilimkabidhi Bihogo Bila Sifa

Jumapili, jioni. Joto la Louisville leo limelowa, la kufanya shati ligande mgongoni hata ukikaa bila kufanya lolote. Sikwenda kanisani.

Nimewaambia wanangu kichwa kinaniuma. Ni uongo. Ukweli ni kwamba pale mlangoni yule mama wa kwaya angeniuliza, kama anavyoniuliza kila Jumapili, "Gedeoni wa Buffalo hajambo?" na mimi sina cha kumjibu. Leo ni siku ya nne tangu mdogo wangu anikasirikie. Kosa ni langu, tena ni kosa ambalo nikilieleza mbele za watu watacheka. Nilimsema vibaya mchezaji wa besiboli.

Acha niandike polepole, labda kifua kitapungua uzito.

Tumebaki watatu kwa baba yetu. Mkubwa ni Simeoni, tunamwita Yaya, kama kwetu Kivu wanavyoitwa wakubwa wa nyumba. Yuko Columbus. Mdogo ni Gedeoni, yuko Kenmore, pembeni ya Buffalo. Mimi ni wa katikati, naishi Shively, hapa Louisville, na nafanya kazi kwenye ghala huko Okolona. Tulitoka kambi moja ya wakimbizi, lakini majina yetu yalibandikwa ubaoni miezi tofauti, kila mmoja akapelekwa alikopelekwa. Kutoka kwangu hadi kwa Gedeoni ni kutwa nzima ya gari. Tangu tufike tumeonana mara mbili.

Besiboli aliileta Gedeoni. Kiwandani kwao waligawiwa tiketi za bure, akaenda kwa ajili ya soseji, akarudi ameokoka. Miji yetu mitatu ina timu kwenye ligi moja, ile iliyo chini ya ligi kubwa, ambako wachezaji hukaa wakisubiri kuitwa juu. Wengine huitwa baada ya wiki, wengine husubiri mpaka mvi. "Dada, huu mchezo ni wetu," aliniambia. "Bale batu banangojea jina itoke."

Tangu hapo kila mmoja ameshikilia timu ya mji wake, na tuna kikundi kwenye simu, sisi watatu tu, cha kubishana. Ubishi wetu mkubwa ni wachezaji wa uwanja wa nje, wale watatu wanaosimama mbali kabisa nyuma, kushoto, katikati na kulia, wakingoja mpira ambao huenda usije. Nani abadilishwe, nani abaki, nani amekwisha. Yaya ni mtu wa takwimu. Mimi ni mtu wa mdomo. Gedeoni ndiye wakili: mchezaji yeyote akichekwa, hata wa timu pinzani, yeye humtetea.

Baba alifuga ng'ombe kule milimani, na alipompa mtu ng'ombe alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alitaja kasoro zote mbele ya mashahidi, bila huruma. Huyu anapiga teke akikamuliwa. Huyu chuchu moja imekufa. Huyu anaruka ua. Hakutaka mtu aje kulalamika baadaye. Halafu, kamba ikiwa mikononi mwa wote wawili, anayetoa na anayepokea, alianza kumsifu yule ng'ombe, akamsifu mpaka mpokeaji akacheka kwa furaha. Hapo ndipo alipoachia kamba. Ng'ombe haondoki kwangu na kasoro, alikuwa akisema, anaondoka na sifa.

Basi sisi na vichwa vyetu tukaupeleka utaratibu huo kwenye besiboli. Timu zikibadilishana mchezaji kati ya miji yetu, mwenye mchezaji anamkabidhi kwa ujumbe wa sauti: kasoro kwanza, sifa baadaye. Mwaka juzi Yaya alinikabidhi kijana mmoja mnene wa upande wa kulia, akasema huyo anakimbia kama mtu aliyebeba sufuria ya maji ya moto. Nilicheka mpaka msimamizi akaja kuniangalia. Kisha akaisifu mikono yake, na kweli, kijana yule hakuwahi kuangusha mpira.

Mchezaji wangu wa kushoto tulimwita Bihogo, jina la ng'ombe ambaye baba alimpenda kuliko wote. Anatembea vilevile: kichwa chini kidogo, hana haraka, halafu ghafla ameondoka. Ni mzee kwa ligi hiyo. Msimu huu mzima tumemgombania. Yaya anasema amekwisha, anatoa na wastani wake wa kupiga. Gedeoni anasema, "Muache muntu. Bega inamuuma, haiko uvivu." Mimi nilikuwa nabadilika kila wiki kufuatana na alivyocheza jana yake.

Jumatano, mapumziko ya mwisho, nafungua simu nakuta habari: Bihogo amebadilishwa, anakwenda Buffalo. Kwa Gedeoni! Nikiri tu kwamba nilifurahi. Ilikuwa zamu yangu ya kukabidhi, na tangu ile sufuria ya maji ya moto nilikuwa natafuta siku ya kumshinda Yaya. Mapumziko yetu ni mafupi, na ukitoa muda wa kutembea hadi makabatini hubaki kidogo sana. Nikaegemea mashine ya soda, nikarekodi:

"Gede, pokea ng'ombe. Donc, bega yake ilikufa, hawezi tena kutupa mpira mpaka ndani. Macho ilichoka. Hapa hawakumufukuza mubaya, bon, banataka tu nafasi ya vijana benye nguvu. Muntu akishaharibika bega, atafanya nini? Abakie ku nyumba, aangalie benzake banacheza."

Kengele ikalia. Simu haziruhusiwi kule tunakofanyia kazi, zinabaki kabatini. Nikatuma kile kilichokuwepo, nikasema sifa nitazituma nikitoka. Nilikuwa nazo tayari, nimezipanga vizuri. Halafu msimamizi akatangaza saa za ziada, za lazima.

Nilipofungua kabati tena ilikuwa saa kumi na moja jioni. Yaya hufanya kazi usiku na hulala mchana, hakuwa amesikiliza. Chini ya sauti yangu kulikuwa na maandishi madogo ya kijivu.

Gedeoni ameondoka kwenye kikundi.

Sasa inakuja sehemu inayonitia aibu. Sikumpigia simu. Nilidhani anadeka. Nilisema moyoni, leo wakili kaishiwa hoja, na zile sifa nilizokuwa nimezipanga nikazimeza kwa hasira. Nikapika, nikala, nikalala usingizi mzuri kabisa.

Alhamisi jioni Yaya akapiga. Hakusalimu, na huyu ni mtu ambaye kwa kawaida husalimia nyumba nzima mpaka paka.

"Ulisema nini kwa ile audio?"

"Mambo ya Bihogo, Yaya. Ni kasoro tu. Sifa zilikuwa zinakuja."

"Gede aliumiaka bega kule ku kazi. Wiki tatu sasa. Jumatatu bakamwambia asirudie tena."

Nilikuwa jikoni, nikazima jiko.

"Sikujuaka, Yaya. Juu ya nini hamukuniambia?"

"Alinikataza. Anasema, dada iko na mizigo yake ya kutosha, asilie juu yangu."

Baada ya hapo nilijifungia bafuni nikaisikiliza sauti yangu mwenyewe kutoka mwanzo. Nilijaribu kuisikia kama mtu ambaye mkono wake hauinuki, anayekaa nyumbani tangu Jumatatu huku mkewe yuko kazini. Bega limekufa. Wanataka vijana wenye nguvu. Abaki nyumbani aangalie wenzake. Na katikati nacheka, ile sauti ya mtu anayejiona mjanja. Humo ndani hakuna Bihogo hata kidogo, yote ni Gedeoni.

Ningekuwa nimekosea kwa bahati mbaya tu, ningejisamehe. Lakini wiki zote tatu sauti zake zilikuwa zimefupika. Aliacha kututumia picha za uwanja. Aliposema "bega inamuuma, haiko uvivu," alisema akiwa karibu kulia, sasa nasikia hivyo, na mimi nikamjibu na habari za mchezaji chipukizi anayefaa zaidi. Tumeongea karibu kila siku kwa miaka. Najua goti la kila mchezaji wa uwanja wa nje katika miji mitatu.

Mdogo wangu leo amekula nini, sijui.

Nimempigia Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Hapokei. Nimemwandikia samahani, nimemwandikia sikujua. Tiki mbili, kijivu: zimefika, hajazisoma. Jana binti yangu Debora alinikuta nimeikodolea simu macho, akanikumbatia shingoni na kusema, "Mom, he knows you didn't mean it." Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba hata kama sikukusudia, yale maneno niliyatoa mimi, tena kwa raha.

Leo mchana Buffalo walicheza nyumbani. Niliweka simu juu ya meza, nikaiegemeza kwenye chupa ya mafuta, nikatazama. Bihogo alikuwa kushoto, amevaa shati jipya lisilomkaa vizuri mabegani. Kanisani sikwenda lakini pale mezani niliomba. Nilimwomba Mungu amjalie Bihogo apige mpira mmoja tu uvuke ukuta, ili na mimi nipate neno la kumwambia mdogo wangu.

Mara ya kwanza kwenda kupiga alikosa mipira mitatu, akatoka. Mara ya pili vivyo hivyo. Baadaye mpira ukamjia kule nyuma, akaudaka vizuri, akautupa ndani kwa nguvu zake zote, ukadunda, ukadunda tena, ukafia njiani. Mkimbiaji wa wapinzani aliingia akitembea, wakapata pointi. Watu wa Buffalo wakamzomea. Kila kasoro niliyoitaja aliionyesha, mbele ya mji mzima, na mimi niliyekuwa sahihi kwa kila neno nilikuwa nalia kwenye kitambaa cha sahani. Kamera ilipopita kwenye viti nilimtafuta Gedeoni, kama mjinga. Bihogo akarudi mahali pake, kichwa chini kidogo, akaweka mikono magotini, akangoja mpira mwingine.

Sikungoja mchezo uishe. Nilichukua simu nikarekodi zile sifa, zimechelewa siku nne. Nilitaka kuanza na Bihogo, lakini hazikutoka jinsi nilivyokuwa nimezipanga Jumatano.

"Gede, sifa njo hizi. Iko na bega yenye ilibeba dada yake na malaria, tangu kule juu mpaka ku ziwa, siku mbili, na hakusemaka nimechoka. Alikuwa mutoto wa miaka kumi na sita. Iko muntu wa kutetea benye banachekwa. Hakimbie nafasi yake, hata batu bamupigie kelele. Nashika kamba, Gede. Mimi siachilie."

Nikamtumia yeye peke yake. Nikaosha sahani ambazo zilikuwa safi. Nilipogeuka, tiki zilikuwa buluu, na juu imeandikwa kwamba Gedeoni anarekodi. Sijawahi kuogopa maandishi namna ile. Yakatoweka. Yakarudi. Halafu sauti ikaingia, fupi.

"Dada. Kasoro zako njo hizi. Mdomo yako inatangulia macho. Unapendaka kucheka mbele ya kuuliza. Unapigaka simu wakati uko na habari, hauna habari haupigake. Tangu tufike huku, haujaniulizaka hata siku moja nakula na nani."

Basi. Inaishia hapo.

Nilikaa na simu mkononi nikingoja sehemu ya pili. Kasoro kwanza, sifa baadaye. Anaujua utaratibu kuliko mimi, yeye ndiye aliyekuwa akimshikia baba kamba. Nimeisikiliza mara saba. Nilijiambia labda amekatizwa, kama nilivyokatizwa mimi, labda naye kengele imelia. Nikakumbuka kwamba Gedeoni hana tena kengele ya kumwita popote. Alinyamaza pale kwa kutaka mwenyewe.

Nimemwandikia maneno manne. "Leo umekula na nani?" Tiki mbili. Kijivu.

Kesho zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na simu itabaki kabatini mpaka mchana. Najiuliza jambo moja tu: hii kamba tumeishika wawili, au nimeishika peke yangu?