Mwanetu Amempiga Baba Yake Faini

Chumba Na. 6,
Nyumba ya Wageni ya Kando ya Mto,
Gardiner, Montana.
6 Februari

Mpendwa wifi yangu Ardis,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi ambayo hata wewe uliyezaliwa nayo sasa ungeikimbia. Hujambo? Shemeji Clifford hajambo? Kiuno chake kimetulia, au bado anatembea kama mtu aliyedondosha sindano? Na mwanao Dale, na mkewe, na wale mapacha, wote wazima? Sisi hatujambo. Mimi kifua kilinibana kidogo baada ya Mwaka Mpya, nikajisugua mafuta ya dawa, kikaachia. Kaka yako naye ni mzima, ila aliponea chupuchupu, na hilo nitakueleza, lakini usiniharakishe.

Barua yako niliipata pamoja na picha ya boti mpya ya Dale. Boti nzuri kweli. Nilimwonyesha Lowell, akasema ina rangi nyingi. Mpe hongera zake. Kung'oa meno ya watu ni kazi ya maana, na mimi sijawahi kusema vingine.

Sasa kaa chini. Tuko safarini, wifi. Mimi na kaka yako, mke na mume ndani ya pikapu, tumetoka Wisconsin hadi huku Montana kutembelea hifadhi za taifa, mwezi wa pili, theluji inafika kwenye vioo vya pembeni. Najua mstari huo umeusoma mara mbili. Ndiyo, ni Lowell huyohuyo, yule ambaye fungate yetu ilikuwa usiku mmoja pale La Crosse na alfajiri tukawa tumesharudi kukamua. Miaka thelathini na moja ng'ombe hawakutuachia hata Krismasi moja. Tulipowauza Oktoba kwa sababu ya magoti yake nikamwambia, "Haya, Lowell, sasa hakuna anayetungoja zizini." Akasema kiangazi hawezi kutoka, ni wakati wa kukata majani. Nikamuuliza majani ya nani, wakati ng'ombe hatuna. Akasema hata hivyo, mtu haondoki wakati wa majani. Ndiyo maana tuko huku wakati wa barafu.

Ila wewe si mtoto mdogo, unajua ni nani yuko huku. Solveig wetu ni askari wa hifadhi hapa Yellowstone. Waliomba watu wengi sana kazi ile, wenye vyeti vya kujaza kabati, na wakamchukua mwanangu. Ana kofia pana iliyonyooka kama meza, ana redio begani, ana gari la serikali lenye taa juu. Nimemwambia kila mtu kanisani, na waliosikia nimewaambia tena.

Mmoja tu sikuweza kumwambia, naye ndiye ninayelala naye. Unakumbuka wewe ulipoolewa ukaenda Florida, Lowell alikununia miezi minane. Kwa mwanawe imekuwa miaka miwili. Siku Solveig alipotuambia mezani kwamba shamba halitaki, anataka kazi hii, baba yake aliweka uma chini akasema, "Basi nenda kachunge wanyama wa serikali." Mtoto akajibu, "Nitawachunga." Ikawa ndiyo hivyo. Akipiga simu, Lowell hukumbuka kuna mlango wa ghala haujafungwa. Wifi, sisi tuna mtoto mmoja. Nilikuwa nahesabu umri wetu na kuona kwamba wanaweza kufika makaburini wakingojeana nani aanze.

Kwa hiyo safari niliipanga mimi. Kaka yako aliniambia mapema kabisa, "Tunakwenda kuona hifadhi. Kama kuna mtu anakaa huko, ni juu yake." Nikasema sawa, mume wangu, nikafunga chapati za viazi dazeni tatu, ambazo yeye hazili sana na Solveig anazipenda.

Tulianza vibaya. Asubuhi ile ilikuwa baridi ya kukausha macho, na gari lilikuwa limelala na waya wa umeme wa kupashia injini, umechomekwa ukutani kama kawaida. Lowell akawasha, akaondoka, waya bado umechomekwa. Tuliuburuta waya mzima, ule mrefu wa rangi ya machungwa, zaidi ya nusu saa. Kila gari lililotupita lilipiga honi, na kaka yako akawa anapunga mkono. Akaniambia, "Watu wa upande huu wana adabu sana."

Kwenye Hifadhi ya Badlands tulikuwa peke yetu. Milima imepakwa mistari ya waridi na manjano, theluji imekaa kwenye mikunjo yake, nikatokwa na machozi kidogo. Lowell alisimama, mikono mfukoni, akaangalia kwa muda mrefu. Nikangoja aseme neno. Akasema, "Hapa huwezi kupanda hata shayiri." Kule kwenye Hifadhi ya Pango la Upepo akauliza kama kuna mtu amewahi kuhifadhi viazi humo. Yaani hifadhi zote alizipima kama mtu anayetaka kukodi shamba.

Sasa nifike juzi. Solveig alikuwa zamu mpaka jioni na tulikubaliana, mimi naye, kwamba saa kumi na mbili tule chakula kwake. Nilipomwambia Lowell, akasema ataona. Nikajua maana yake ni kwamba nitakula peke yangu na yeye atabaki hotelini akiangalia habari za hali ya hewa. Mchana akasema tuingie hifadhini tuone bonde, kwa kuwa ndiyo barabara pekee iliyo wazi kwa magari wakati huu. Tukaenda.

Tukakuta nyati wamekaa barabarani. Wifi, sisemi kundi dogo. Ni zaidi ya mia, wenye manyoya yaliyoganda barafu, vichwa kama majiko ya chuma. Magari sita yamesimama. Desturi ya hapa ni kukaa garini na kungoja mpaka wenyewe wajisikie kuondoka. Tukangoja robo saa. Tukangoja nusu saa. Nikamwona kaka yako anaanza kupumua kwa pua.

"Hawa hawajapotea," akasema. "Wanangoja mtu awaongoze."

"Lowell, hao si ng'ombe."

"Wana miguu minne na hawana haraka. Ni ng'ombe."

"Pale langoni wametupa karatasi ya maagizo. Imeandikwa usishuke."

"Imeandikwa kwa watu wa mjini."

Na kabla sijamshika koti alikuwa ameshateremka, ameshika ufagio wa kufutia theluji, anatembea katikati ya wale wanyama kwa ile sauti yake ya jioni zizini. "Haya mabibi, haya, twendeni. Haya bibi, sogea." Ile sauti uliyokua ukiisikia kwa baba yenu. Nikaona watu kwenye magari mengine wanatoa kamera.

Mabibi hawakusogea. Halafu dume moja likageuka, likamtazama, likainua mkia. Nakuuliza wewe uliyelelewa kwenye ng'ombe: mkia ukiinuka zizini, mtu anafanya nini? Anasogea pembeni ili asichafuke, kisha anangoja kwa heshima mpaka mwenzake amalize haja. Na ndivyo kaka yako alivyofanya. Alisogea hatua mbili, akaegemea ufagio, akangoja. Kumbe kwa nyati mkia ukiinuka maana yake ni kwamba anakuja.

Hapo ndipo kipaza sauti kikalia kutoka nyuma yetu, bonde zima likasikia: "Bwana mwenye kofia nyekundu, rudi ndani ya gari lako. Sasa hivi." Lowell akatazama huku na huku kumtafuta huyo mwenye kofia nyekundu. Kipaza sauti kikakwaruza kidogo. Kisha kikasema, "Baba. Ingia garini."

Yalikuwa maneno ya kwanza ya Solveig kwa baba yake baada ya miaka miwili, na aliyasema kwa mashine ya serikali.

Lowell alikimbia. Magoti yale yale yaliyotufanya tuuze ng'ombe, wifi, yalikimbia kama ya mvulana wa sekondari. Kiatu kimoja kilibaki kwenye theluji. Dume likapita juu ya ufagio, likauvunja vipande vitatu, likaona limeshinda, likaenda zake. Mimi sikupiga kelele. Nilikuwa nimeuma glovu yangu mpaka ikatoboka.

Kisha mwanangu akaja dirishani. Ungemwona, Ardis. Mrefu, kofia imenyooka, kitufe hata kimoja hakijakaa upande. Mashavu mekundu kama ya mama yenu.

"Habari za mchana, bwana," akasema. "Naomba leseni."

"Solveig, jina langu unalijua."

"Nalijua. Naomba leseni."

"Mpe leseni, Lowell," nikasema. "Mwanangu, umekula?"

"Mama, niko kazini."

"Kuna chapati za viazi hapa nyuma."

"Mama."

Lowell akatoa leseni, akaanza kujieleza. "Aliinua mkia. Nikajua anataka kujisaidia."

Mtoto akatazama chini kwenye karatasi zake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Midomo ilikuwa inamcheza. "Baba, yule si ng'ombe wako. Yule ni mnyama wa serikali."

Lowell alikitazama kitabu cha faini, akauliza taratibu, "Angekuwa mtu mwingine, ungemwandikia?"

"Ningemwandikia."

"Basi andika."

Akaandika, yote, bila kuruka mstari. Kwenye gari la pembeni kulikuwa na mama mmoja ameteremsha kioo anatazama, nikamwambia, "Huyo anayeandika ni binti yangu." Akauliza, "Na anayeandikiwa?" Nikamwambia huyo simfahamu vizuri.

Nilidhani yameishia hapo. Alimrudishia leseni, akaenda akakiokota kiatu, akampa kiatu na karatasi kwa mkono mmoja. Alikuwa ameshageuka aondoke. Lowell akasema, lakini si kama mtu anayemsemesha mtu, kama anayekisemesha kioo, "Yule jike wa tatu kutoka ukingoni anachechemea."

Solveig akasimama. "Tangu Novemba. Mguu wa nyuma wa kushoto."

"Wa kulia."

"Namtazama kila siku, baba. Wa kushoto."

"Mtazame mgongo, usitazame mguu. Anaulalia wa kushoto kwa sababu wa kulia ndio unaouma."

Basi wakamtazama, wote wawili, shingo zimeinama upande mmoja. Sikujua mpaka dakika ile kwamba wanainamisha shingo sawasawa. Yule jike akapiga hatua nne. Solveig akatoa daftari mfukoni, akakata neno, akaandika jingine.

"Kati ya wote hao, ulimwona mwenyewe?" Lowell akauliza.

"Nilimwona mwenyewe."

"Nani alikufundisha?"

"Unafikiri nani?"

Nyati walishaondoka, barabara iko wazi, magari ya nyuma yanapiga honi, safari hii hata Lowell asingeiita adabu, na wao wanabishana kuhusu kwato. Ilibidi mimi nimwambie askari wa serikali kwamba anazuia njia.

Jioni ile Lowell alivaa shati la kanisani bila kuambiwa. Alikula viazi vya kuoka na nyama mara mbili, akasema mlango wa Solveig unapitisha upepo, akautengeneza kwa kisu cha mezani. Kuhusu miaka miwili hakusema neno, na mtoto hakuuliza. Najua wewe ungependa kusikia kwamba waliombana radhi na kukumbatiana. Unawajua watu wa kwenu. Ila tulipokuwa tunaaga, na kuaga kwetu ni saa nzima kama kawaida, Lowell alisimama mlangoni akiwa ameshavaa glovu, akasema, "Lile gari lako la kazini linahitaji minyororo ya theluji mizuri zaidi kwenye matairi. Watu wanakutegemea huku." Kwa kaka yako hiyo ni hotuba.

Karatasi ya faini ninayo mimi. Yeye alitaka kuilipa aitupe, nikamwambia alipe lakini nakala ni yangu. Itakwenda kwenye fremu, ukutani, karibu na picha ya ubatizo. Mwandiko wake, wifi, herufi zote zimesimama, na chini ameweka sahihi jina kamili, Solveig A. Tollefsrud. Dale ana boti, na Mungu ambariki nayo. Lakini mwulize kama amewahi kumwamuru Lowell Tollefsrud afanye jambo, na likafanyika.

Nakuandikia nikiwa peke yangu. Leo ni siku ya mapumziko ya Solveig. Alikuja kumchukua baba yake saa kumi na moja alfajiri, nikasikia wananong'ona mlangoni wakidhani nimelala, wakiulizana kama niamshwe. Lowell akasema, "Mwache, ataanza kuongea na nyati watakimbia." Wakacheka, wakaondoka. Wameniachia kikaratasi mezani kwamba wamekwenda bondeni kumwangalia yule jike. Sasa ni saa sita na nusu mchana. Supu imepoa mara mbili. Tulikuwa tuondoke leo kurudi nyumbani, na mizigo nimeshaifungua tena. Sijawahi kuachwa nyuma nikafurahi hivi.

Nisalimie shemeji Clifford na kiuno chake, Dale na mkewe, na mapacha uwabusu kila mmoja mara mbili ili wasigombane. Ukimwandikia shangazi Inga, mweleze habari hizi, lakini ya mkia iruke, moyo wake si mzuri. Mungu awakinge ninyi na vimbunga vyenu, nasi atukinge na theluji yetu, na siku moja atukusanye mahali penye hali ya hewa ya katikati.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata ukikaa juani,

LaVonne