Pudre Iko Chini ya Kitanda

Kabondo, Kisangani

Mama yangu mupenzi,

Mutoto wako anakusalimia kutoka mbali. Magoti yako inaendelea namna gani na mvua hii? Na jikoni, kungali kunavuja ama Tonton Shabani amefunika? Mimi ningali na pumzi, namushukuru Mungu. Tonton akusomee pole pole, mukiwa wawili tu. Sikupiga simu, sababu simu yake inapokelewa nje na jirani wote wanasikia.

Mama, niko na woga.

Mimba ya mujukuu wako Riziki imeshuka, siku zake ziko karibu. Bwana yake Justin alikuwa anabeba mizigo ku uwanja wa ndege kule Bangboka. Ku redio walisema Leta, serikali yetu, inapunguza matumizi, pesa inaenda ku vita. Tulisikia tu, tukafikiri ni maneno ya wakubwa wa Kinshasa. Kumbe ilikuwa inakuja kwetu. Watu wa kazi kama yake waliambiwa wabaki nyumbani. Alors ameenda Bafwasende kutafuta zahabu, na kule simu haimupate. Hapa tunakula sombe, majani tu ya muhogo, bila mafuta, samaki tunanusa kwa jirani.

Hiyo tunaweza kuvumilia. Lakini ku maternité, kuzaa ilikuwa bure. Sasa muuguzi anasema Leta haileti tena kitu. Mwenye mimba anakuja na vyake vyote: glavu, beseni, dawa, hata mafuta ya jenereta. Na mwenye hajalipa hatoki. Anabaki mu chumba cha nyuma na mutoto wake.

Binti wa Mama Sifa, jirani yangu, alizaa vizuri. Desturi unaijua: tulijipaka pudre nyeupe ya furaha uso na shingo, tukaenda kumuchukua na nyimbo. Muuguzi akatusimamisha ku mulango. "Ba mama, pesa ya pudre mumepata, ya kitanda mumekosa?" Tulirudi, jasho inachora mistari ku uso. Binti angali kule. Tangu hapo, mu avenue yetu hakuna mutu anajipaka pudre kama mwenye kuzaa hajatoka. Donc familia ikirudi na uso safi, hujui mama amefungiwa ama amekufa, uwape pongezi ama uwape pole. Unaogopa kuuliza.

Riziki aliona yote. Juzi tulikuwa tunatwanga sombe, akaniambia, "Mama, uchungu ikianza sitakuambia. Nitafunga mulango, nizae hapa."

Nikamuuliza, "Na damu ikikataa kusimama, kama ya dada yangu Zawadi?"

"Mama mudogo Zawadi angalau alikufa kwake. Hakuna mutu alimufungia."

Niliendelea kutwanga, Mama. Wewe ndiwe ulimufunga Zawadi macho, utanielewa. Sasa Riziki akikawia mu choo, nasimama nje nakohoa. Anasema, "Mama, unataka uingie tukae wawili?" Tunacheka, lakini siondoki.

Bon, nimefanya hivi. Sufuria yangu kubwa ya kukaangia mikate ya kuuza, ile yenye inatulisha kila asubuhi, niliifunga ku toleka, baiskeli ya kubeba watu, mwenyewe akaisukuma, mimi nyuma nimeishika isianguke. Nikaipeleka kwa muuguzi iwe rehani. Aliigonga na kidole kama mutu ananunua chungu sokoni.

"Hii iko ya kuingia," akasema. "Ya kutoka tutaona."

Riziki alipoona mafiga matupu, alifagia majivu. Kisha akasema, "Basi, nitakuambia." Sijui kama ni kweli ama ananihurumia tu. Ningali nakohoa nje ya choo.

Uniombee, Mama. Umuombee na Justin kule mu mashimo. Tonton Shabani mwenye anakusomea namusalimia, asante kwa macho yake. Salamu kwa mama mukubwa mwenye anakuchotea maji, na kwa mujane wa kaka yangu. Lakini hao usiwaambie bado.

Pudre nimenunua kidogo, iko chini ya kitanda. Siku yenyewe nitatuma picha ku simu ya Tonton. Angalia uso wangu kwanza. Ukiiona nyeupe, piga vigelegele mpaka jirani watoke. Ukiiona bila pudre, Mama, usilie bado. Pengine tunangoja tu watufungulie mulango.

Ni mimi mutoto wako,
Mama Riziki