Tirant Isiondolewe

Alhamisi, 27 Agosti 1964

Nimewaandikia wateja maombi mawili leo. Moja la mjane anayedai cherehani aliyonyang'anywa na wakweze, jingine la fundi viatu aliyefukuzwa kibandani kwake. Yote mawili nimeyafungua kwa maneno "Kwa unyenyekevu usiopungua heshima". Wateja hawaoni tofauti. Mimi naiona.

Adhuhuri ikaja habari mbaya. Mwenyekiti mpya wa kamati ya mtaa, aliyewekwa na wapiganaji walipoingia mjini, ameagiza ule ubao mrefu unaokatiza katikati ya ukumbi wetu ukatwe. Unaziba bendera. Aliyeketi nyuma haioni yote.

Ubao ule si pambo. Jina lake kwa Kifaransa ni tirant. Salumu, mume wa dada yangu Zuhura, ndiye aliyeupandisha enzi alipokuwa seremala chini ya Mbelgiji, na ndiye aliyenifundisha kazi yake. Mbao za mteremko, kulia na kushoto, hubeba mabati, na kwa uzito huo huzisukuma kuta zitoke nje. Tirant huishika miguu ya mbao hizo na kuivuta ndani. Juu yake haibebi kitu. Ndiyo maana wasiojua hudhani haina kazi.

Chini yake wanalala watu waliokimbia mapigano ya njia ya Bafwasende. Wanawake, watoto, mbuzi mmoja. Ukumbi ukianguka utawaangukia wao, si bendera.

Lazima niandike.

Jumapili, 30 Agosti

Ombi limekamilika. Limenichosha.

Tatizo lilikuwa neno. "Boriti" ni neno la uvivu. Boriti hulala na kupinda chini ya mzigo. Ubao huu haupindi. Unavutwa kwa urefu wake, ncha hii na ncha ile, kama kamba kati ya makundi mawili ya wanaume. Hurefuka kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na mvuto ukipungua hurudi. Mvuto ukipita kiasi, haurudi tena. Nikaongeza kwamba nguvu hiyo hugawanywa kwa unene wote wa ubao hata kila uzi wa mti ukapata fungu lake. Ukipunguza unene, kila uzi uliobaki unabebeshwa zaidi. Ukikata zote, hakuna wa kuvuta. Sentensi hiyo najivunia.

Kwa hiyo nimetumia neno halisi. "Tunaomba tirant hii isiondolewe, kwa kuwa ndiyo inayoishikamanisha nyumba yetu." Hii. Isiondolewe. Ndiyo. Upatanisho umetimia, kama unavyostahili kitu kisicho na uhai.

Nilimsomea Salumu barazani. Alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Iko muzuri, shemeki. Usiguse kitu."

Atalisoma yeye mbele ya kamati. Ni mjumbe, na sauti yake inapendwa. Isitoshe, si adabu mwombaji kusoma ombi lake mwenyewe.

Jumatano, 2 Septemba

Ombi limesomwa ukumbini, mbele ya kamati. Nianze na Kifaransa, maana huko ndiko mtego ulikokuwa. Tirant ni ubao, tyran ni mtawala dhalimu. Hutamkwa sawasawa kabisa. Sikio haliwezi kuyatenganisha. Kwenye karatasi hakuna hatari. Kwenye Kiswahili kilichonyooka pia hakuna hatari, maana dhalimu ni mtu: huyu, asiondolewe. Lakini Salumu hakusoma nilivyoandika. Alisoma kwa lugha ya mjini, ambamo mtu na kiti vyote ni "iko".

"Tunaomba tirant isitoke," alisema, kwa ile sauti yake nzuri. "Tirant iko inatushika sisi wote pamoja. Tukiitoa, nyumba yetu itaanguka."

Mwenyekiti akainua kichwa.

"Nani anataka tyran?" alifoka mpiganaji aliyekuwa mlangoni. "Asimame!"

Nikasimama. Nilidhani naitwa kutoa maelezo.

"Alors, papa," mwenyekiti akasema, "uko unalilia tyran? Wabeleji walikuachia upweke, eh?"

Vicheko. Nikasema kwamba neno hilo ni jina la ubao. Nikauonyesha kwa kidole. Wakacheka zaidi. "Tyran ya mbao! Papa huyu iko mwerevu!" Kisha wakaacha kucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nikamtazama Salumu. Sentensi moja kutoka kwake ingetosha. Alikuwa anaikunja karatasi yangu. Aliikunja tena, na tena, hata ikawa ndogo kama kiberiti. Akaketi.

Nikapigwa makofi. Kisha kasho, chumba cha mahabusu.

Ijumaa, 4 Septemba

Nimetoka jana; ya Jumatano hapo juu nimeyaandika nilipofika nyumbani. Zuhura alikwenda kumpigia magoti mke wa mwenyekiti. Sikio la kushoto linavuma.

Amenieleza yote huku akilia. Mwenyekiti alimwuliza Salumu kuhusu ubao ule kabla mimi sijachovya kalamu. Salumu akajibu hauna kazi, ukatwe tu. Aliogopa kusema hapana. Kwa hiyo siku ile barazani, aliponisikiliza mikono magotini, alikuwa amekwisha kukubali ukatwe.

Hofu naielewa. Mjini hapa kila mtu anaogopa, nami pia. Lakini "usiguse kitu" siielewi. Angeweza kuniambia niache. Angeweza kukataa kusoma. Aliniacha nipambe maneno yangu, kisha akanipeleka nayo.

Namchukia. Nayaandika haya wazi ili nisijidanganye baadaye.

Jumamosi, 5 Septemba

Wamekata.

Salumu mwenyewe, juu ya ngazi. Nilisimama mlangoni. Hakuna aliyenifukuza, labda walitaka nione. Boriti inayolemewa, ukiikata katikati kutoka juu, huubana msumeno. Ubao huu haukuubana. Kadiri alivyozidi kukata, mkato ulijifungua wenyewe, na nyuzi za mwisho zikapasuka kwa mlio mkali kabla ya msumeno kuzifikia. Ncha mbili zikaachana. Pengo la upana wa kidole.

Salumu akasimamisha mkono. Akalitazama pengo. Alilielewa kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba ile.

Chini, vigelegele. "Tyran amekufa! Amekufa!"

Akashuka akitabasamu pamoja nao.

Jumanne, 8 Septemba

Pengo limefikia vidole viwili. Ufa mpya juu ya dirisha la mashariki, mpana upande wa juu. Bati moja limechomoa msumari wake. Mawingu kila alasiri, lakini mvua kubwa bado.

Nimekwenda kwa Mama Asumini, anayewasemea wakimbizi wote wa ukumbini. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, yenye utangulizi. Hakunipa nafasi.

"Papa Tyran! Umerudi kutafuta kofi ingine?"

Wanawake wakacheka hata wakaacha kutwanga majani ya sombe. Mmoja akaiga ninavyosimama, tumbo ndani, kidevu juu. Ni kweli nasimama hivyo.

Nikaiacha hotuba. Nikasema kama wasemavyo wao, nikiona haya kwa kila neno: "Mama, nyumba iko inafungua miguu. Angalia."

Akaangalia. Akainuka, akautia mkono wake ndani ya ufa. Ukaingia hadi kifundoni. Akautoa polepole, akapangusa vumbi kwenye kitenge.

"Na bwana wa msumeno, anajua?"

"Anajua."

"Bon," akasema. "Mbuzi atangulie."

Jioni walikuwa wote kwenye veranda ya shule, na sufuria zao. Kurasa za lugha safi zilinipeleka kasho. Sentensi moja mbovu imehamisha ukumbi mzima. Sijui nifurahi au nione uchungu. Naona uchungu.

Alhamisi, 10 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Mchana paa limeshuka. Kuta mbili zimelala nje, moja huku, moja kule, na mabati yamejaa katikati. Hakukuwa na mtu ndani. Alhamdulillahi.

Mwenyekiti anamtafuta mhujumu. Salumu ameulizwa. Hakusema ni ule ubao. Amesema: shemeki alijua itaanguka, ndiye aliyewatoa watu.

Ni kweli, nilijua. Ameniangamiza kwa ukweli.

Zuhura amekuja mbio kunionya, bila viatu, matope hadi magotini. Alimsikia akiyasema kwa masikio yake. Sikumwuliza kama atarudi kwake. Ana watoto.

Nachukua kalamu, shuka na baiskeli. Nakimbilia Bengamisa.

Jumapili, 11 Oktoba. Bengamisa

Mwenye nyumba ni mkulima, mtu wa maneno machache. Nalala ghalani, juu ya magunia. Hapa hakuna anayehitaji ombi. Mwezi mzima sijaandika neno.

Zuhura amefika leo kwa lori la mihogo. Ameleta sabuni na samaki mkavu. Amekonda.

Ukumbi unajengwa upya. Salumu ndiye msimamizi. Ameweka ubao katikati, mnene kuliko wa kwanza, na bendera imesogezwa ukutani upande wa kulia, ambako inaonekana vizuri sana. Hakuna aliyelalamika. Mwenyekiti amemsifu mbele ya watu. Ubao wanauita mbao ya Salumu.

Nikamwuliza kama Mama Asumini na watu wake wamerudi ndani. Wamerudi. Wanalala wakavu.

Nikamwuliza kama ubao umefungwa kwa boliti ncha zote mbili. Alisema hajui, ila ameona vyuma. Basi umefungwa.

Hakusema kama naweza kurudi. Sikumwuliza. Mwenye nyumba alikuwa ametuachia karanga za kumenya, tukakaa kivulini mwa ghala na kuzimenya, yeye upande wake, mimi upande wangu, hadi kikapu kikajaa na dereva akapiga honi.