Sekunde Tatu za Wisem

Jumatatu, 4 Machi 2013

Nimejaa hasira. Acha niandike kwa mpangilio, labda nitapoa.

Tumefika Jarjis, pwani ya kusini ya Tunisia, asubuhi, watu watatu wa filamu. Mimi na kamera yangu, Bashiri wa sauti, na Lasaad mwongozaji—bwana mkubwa aliyesomea Paris na hataki mtu yeyote asahau. Mama Wisem ametupokea kwa kuskusi ya samaki, hakutuuliza hata majina kabla hatujala.

Wisem mwanawe alipanda boti kwenda Italia miaka miwili iliyopita. Hajapiga simu hata mara moja. Lakini wiki ile ile mama alimwona kwenye habari za Waitaliano: vijana wanashuka bandarini, mmoja anageuza uso kutazama kamera. Sekunde tatu! Habari iliporudiwa alikuwa ameshatumbukiza kwenye deki ya video mkanda wa harusi ya binti yake. Akarekodi juu ya harusi. Binti hajamsamehe mpaka leo.

Mkanda huo haunakiliki. Deki imejengwa ndani ya televisheni yenyewe, tundu la kutolea picha limekufa, na mama hataki mkanda uvuke kizingiti. Tena kila ukizungushwa unachubuka. Imebaki njia moja tu: kupiga picha kioo cha televisheni.

"Nitawachezea mara mbili," kasema. "Zaidi ya hapo utakatika, na mimi nitakatika nao."

Nikamwambia Lasaad, kwa adabu kabisa: televisheni hii inachora picha mara hamsini kwa sekunde. Kamera lazima iende nayo. Fremu ishirini na tano kwa sekunde, na shata, yaani kope ya kamera, ifunguke moja ya hamsini ya sekunde. La sivyo tutapata mistari.

"Emna, filamu yangu yote ni fremu ishirini na nne. Usiniletee ufundi wa wapiga picha za harusi."

Akashika kamera. Kamera YANGU. Akaweka fremu zake ishirini na nne na shata moja ya mia na ishirini na tano, ati mwendo uonekane mkali. Mapazia wazi, dirisha zima linang'aa ndani ya kioo. Mama akabonyeza. Mstari mweusi ukapanda kutoka chini, mpana, mzito, ukafika usoni mwa kijana pale pale alipogeuka. Nikapiga kelele: simama! Lasaad: "Endelea."

Mara moja imekwenda. Bure!

Jumanne, 5 Machi

Nimemkwepa Lasaad mchana kutwa. Yeye ndiye kazungumza. Kaitazama tena ile picha kwenye kompyuta, akaegemea kiti—ameipenda! Ati ule mstari ni bahari inayomfuta kijana. Ati watazamaji watatoka ukumbini na swali.

Watazamaji wana swali la saa moja na nusu. Mama ana la miaka miwili.

Mjinga. Mjinga mwenye skafu ya Paris.

Jumatano, 6 Machi

Tumepiga picha za mizeituni na ufukwe mtupu. Kila mtu anayekuja hapa anapiga ufukwe mtupu.

Bashiri kaninunulia kahawa. Mtu wa miaka hamsini na nane, husikia mengi kwenye hedfoni zake na husema machache. Nikamwaga hasira zote mbele yake: mstari, shata, dirisha, skafu. Akaniacha nimalize.

"Dada, wewe unamtaka kijana aonekane, au unataka Lasaad aonekane hajui?"

Nikamwambia anyamaze anywe kahawa yake. Hata yeye amenikasirisha.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimejua Lasaad alimwambia mama kwamba Jumatatu ilitoka vizuri sana. Vizuri sana! Mama akamchinjia kuku.

Sikuweza kuvumilia. Nikamfuata bandani anakolisha kuku waliobaki, nikamwambia ukweli. Picha imeharibika. Uso hauonekani. Tulijua ingekuwa hivyo.

Akaendelea kumwaga punje.

"Kwa hiyo mmenilia moja ya zile mbili."

"Tumekulia, mama."

"Na wewe uliyejua ulikuwa umesimama wapi?"

Kando ya kamera, mama. Nilijijibu moyoni. Nikachota punje, nikawamwagia kuku nami.

"Jumamosi njoo," kasema mwishowe. "Wewe na yule mzee wa masikioni. Huyo wa Paris akae uani. Nami nitamwona mwanangu kwa ukubwa?"

"Kwenye kompyuta. Kwa ukubwa, tena tutamsimamisha bila kutetemeka."

"Unaapa?"

Nikaapa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimejaribu kamera kwa televisheni yenyewe bila kugusa mkanda. Chaneli ya mapishi, mpishi mnene anakaanga biringani. Mapazia nimefunga, blanketi jeusi nimelitundika nyuma yangu ili kioo kisinirudishie sura yangu. Mwanga wa televisheni nimeupunguza. Rangi ya kamera nimeipima kwa kioo chenyewe. Biringani zikaacha kuwa za buluu. Nikasogea nyuma, nikavuta kwa lenzi. Nikalegeza ukali wa picha kidogo, kidogo sana, mpaka viwimbi vya rangi vilivyokuwa vikicheza kwenye kioo vikafa. Shata moja ya hamsini—bado mstari mwembamba unatambaa. Nikaisogeza pointi moja moja. Ukapungua mwendo. Ukasimama. Nikausukuma nje ya kioo.

Mpishi safi kama yuko chumbani! Mama kanipigia vigelegele.

Lasaad amesikia uani. Kaniita: "Ukiiharibu hii, Tunis nzima itajua." Nikamwambia Tunis nzima ije itazame.

Jumamosi, 9 Machi

Saa tatu na nusu asubuhi. Bashiri kawasha sauti. Mama kaubusu mkanda, kautia. Harusi kidogo—bibi harusi anapanda gari—kisha mikwaruzo, kisha bandari.

Nimempata. Sekunde tatu zote. Hakuna mstari! Bashiri kaninyooshea kidole gumba bila kugeuka.

Mkanda ulipokuwa unatoka deki imeutafuna. Mita nzima imekunjamana nje. Mama kaupokea kwa mikono miwili, akasema tu: "Sawa. Sasa yuko kwako."

Nimehamishia kwenye kompyuta, jikoni kwake, nikiwa peke yangu. Fremu sabini na tano. Nimezipitia moja moja. Ya arobaini na moja kageuka kabisa, macho mbele. Nikachukua picha ya Wisem iliyo ukutani nikaiweka kando ya kioo cha kompyuta.

Nyusi za Wisem ziko mbali. Za huyu zimekutana. Kidevu sicho. Nimetazama mara kumi na tano. Nimesogea, nimerudi nyuma. Nimejaribu kumfanya awe yeye!

Lasaad kaingia kutafuta maji. Kaona. Akarudisha mlango. Kisha kwa sauti ya chini: "Tutatumia ile yenye mistari. Hii ifute. Mwambie kadi ya kamera imekufa."

Nimemtukana. Tusi ambalo sijawahi kumtukana mtu. Akachukua maji yake akatoka, na hilo limenikasirisha zaidi, kwa sababu kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta.

Kwa nini nilikazana hivi? Nani aliniomba picha safi? Wiki nzima mimi na uhodari wangu!

Labda ni mkanda. Labda rangi zimevuja, zikaunganisha nyusi. Labda nyusi hukutana mtu akichoka baharini. Upuuzi. Naandika upuuzi.

Namsikia mama barazani anamwambia Bashiri asogeze kochi, majirani wanakuja, binti yake pia kakubali kuja. Anapangusa miwani kwa kanga—nasikia akiipulizia.

"Emna! Mwanangu, umemaliza?"

Nimejibu: bado.

Anavuta kiti chake kuja huku jikoni. "Hata kama bado," anasema, "fungua hivyo hivyo."